Jaketi ya Mzee Iko Ndani ya Huu Mzigo

Kitale, Jumapili

Mulembe Mama,

Ni mimi Simiyu, kijana wako wa pili. Umeamkaje huko nyumbani? Ule mguu wa kushoto bado unavimba ukikaa sana, ama zile majani ulikuwa unachemsha zilisaidia? Mahindi imeshatoa nywele? Na yule kuku wako mweupe wa kulalia mayai kwa kitanda cha wenyewe, bado hajachinjwa?

Mimi niko mzima wa mwili. Baridi ya huku mwaka huu imekuja vibaya. Asubuhi tukienda kukamua, ng'ombe anatoa moshi kwa pua kama jiko, na vidole zinakataa kukunja mpaka uzishike kwanza kwa tumbo ya ng'ombe. Lakini kazi iko, mwenye shamba hana maneno mingi, chakula tunakula.

Mama, hii barua isome mwenyewe. Vaa miwani ya Mzee, ukae pale nyuma ya jikoni, usome pole pole. Usimpe mtoto wa shule akusomee. Ukimaliza ndio utaita wengine, na mimi nataka uwaite wote.

Wacha niseme mara moja kabla roho irudi nyuma. Ile jaketi ya Mzee, ile ya kijani ya flisi, si Nekesa wa kaka Wafula alichukua. Nekesa hajaigusa tangu siku ile aliikunja akaiweka kwa sanduku. Ni mimi.

Nimesimama kidogo. Nimeenda mpaka kwa geti, nikaangalia barabara, nikarudi. Karatasi bado iko hapa na maneno bado ni yale yale. Naendelea.

Unakumbuka ile Jumatatu baada ya kumzika Mzee. Wageni wengine walikuwa bado wamelala kwa hema. Uliniambia, "Simiyu, ingia kwa chumba ya baba yako unitolee ile sufuria kubwa chini ya kitanda." Nikaingia. Sufuria ilikuwa nyuma ya sanduku, nikavuta sanduku, kifuniko ikafunguka kidogo. Jaketi ilikuwa juu. Nilitaka kuinusa tu, Mama. Ile harufu ya moshi na ugoro na sabuni ya kipande. Mzee aliumwa tangu Krismasi, na kila ukinipigia nilikuwa nasema nakuja wiki ijayo. Wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka nikakuja na yeye yuko ndani ya sanduku lingine. Kwa hivyo nilishika hiyo jaketi kama mtu anashika mkono.

Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ingine ni hii: nilijua siku ya kugawa nguo, jaketi itaenda kwa Wafula. Ndio haki. Wafula ni kifungua mimba na ndiye alikuwa anambeba Mzee kumpeleka choo. Nilijua mimi nitapewa shati ama kofia, na huku Kitale ni baridi. Basi nikaikunja, nikaiweka chini kabisa kwa begi yangu. Najua sheria ya kwetu. Nguo ya marehemu haitoki kwa nyumba mpaka watu wote wakae chini, hata kama ni soksi. Niliijua na nikaipita.

Na wewe Mama ndio ulipanga ndizi juu yake. Ukaniuliza, "Hii begi imejaa nini?" Nikakuambia ni nguo chafu.

Yenye ilifuata unaijua kuliko mimi, wewe ulikuwa hapo. Nguo zikatolewa zianikwe jua, jaketi haiko. Senge, dada ya Mzee, akasema aliyekuwa anafua nguo za ndugu yake ndiye anajua. Wakaingia kwa nyumba ya Nekesa, wakageuza godoro, wakamwaga mpaka unga. Mulamwa wangu, bibi ya kaka yangu, akalia, akaapa kwa watoto wake, hakuna mtu alimsikia. Akachukua yule mdogo wa kunyonya, akaenda kwao Webuye. Leo ni miezi tatu. Wewe na huo mguu unapikia wale wawili walibaki, na Wafula anakula bila kuongea.

Lakini kuna moja hujui. Ile jioni Senge alinipigia simu akaweka loudspika, nyote mkiwa hapo, akasema, "Simiyu, wewe ni mtoto wa huyu mzee. Unasemaje?" Ningesema. Mlango ulikuwa wazi hivi. Nikajibu, "Nyinyi ndio mko hapo, nyinyi ndio mnajua ni mikono ya nani inagusa hilo sanduku." Nilisikia Senge akisema, "Ehe! Mmesikia?" Nikasikia mtu analia kwa nyuma.

Hiyo saa nikiongea hivyo, Mama, nilikuwa nimeivaa.

Nimetoka tena. Nimeteka maji yenye hakuna mtu alinituma. Tangu asubuhi niko hivyo, nakaa, nasimama, kama mbwa yuko na viroboto. Saa tisa natakiwa kwa ng'ombe, kwa hivyo lazima nimalize.

Nilivaa hiyo jaketi mwezi mbili mzima. Nilikuwa nafikiri itanipa raha na haikunipa. Mtu akiita jina langu nyuma, nashtuka. Halafu siku moja Barasa, yule jirani yetu wa kununua ndama, akatokea hapa kwa shamba kuangalia mtamba. Mimi nimeinama nakamua, nasikia, "We Simiyu! Bungoma tunakuona kwa mazishi tu siku hizi?" Nikasimama kumsalimia. Akaangalia kifua changu.

"Hiyo jaketi nimeiona wapi?"

"Mitumba bana. Ziko nyingi hapa sokoni."

Akashika zipu. Unajua ile zipu ilivunjika kishikio na Mzee akaifunga na kamba ya kiatu, ile ya rangi ya maziwa. Barasa akaishika hiyo kamba, akaivuta kidogo, akaiachilia.

"Ati mitumba. Siku hizi zinakuja mpaka na kamba ya kiatu?"

Akacheka. Mimi pia nikacheka, Mama, mpaka meno ikaskia baridi. Halafu akaenda kuangalia mtamba wake. Lakini tangu hiyo siku kila simu ikilia nilikuwa naona ni nyumbani.

Nikaamua kuiharibu. Nikaweka ncha ya kola kwa makaa ya jiko. Flisi haiungui kama pamba, inajikunja kama mfuko wa nailoni, inatoa matone meusi na harufu mbaya. Nikaitoa haraka, nikaipuliza kama mtu anapuliza kidole ya mtoto. Sikuweza.

Sasa hapo kwa geti ya shamba, watu wa bodaboda wa kubeba maziwa huvaa ile kitu ya shingo, ile ya kuingiza kwa kichwa inakaa kwa shingo kama bomba, ukitaka unaivuta mpaka kwa pua. Zile nyingi ni za flisi. Nikafikiria, hii jaketi nikiikata vipande nishone hizo, hata Barasa arudi na tochi hataijua. Hiyo ndio ilikuwa akili yangu. Si toba, Mama. Nilikuwa natafuta pa kujificha.

Kwa ploti naishi mlango kwa mlango na Mama Chebet, mama wa kutoka huko juu mlimani, anashona sare za shule hapo kwa veranda. Nikamwomba makasi.

"Makasi ya nini? Wewe unakata nini zaidi ya majani ya ng'ombe?"

Nikamwambia. Akaniambia kwa cherehani yake haiwezi, inashona moja kwa moja tu, na flisi ukiivuta uzi unakatika, tak! Afadhali mkono. Sindano inaenda mbele, inarudi nusu nyuma, inaenda tena mbele, hivyo mshono unavutika na nguo. Akasema nipime kichwa na kamba, si shingo. Kichwa ndio mlango. Nitoe kidogo, karibu vidole mbili, maana nguo itajivuta yenyewe. Urefu ni kutoka kidevu mpaka chini ya shingo, halafu uongeze ya kukunja. Nikasema nimeelewa. Mimi na Kitale yangu yote, najua kila kitu.

Nikaingia ndani nikaanza na mgongo, kwa sababu ndio kipande kubwa. Mzee alikuwa mrefu, mgongo wake ni mrefu kuliko upana, kwa hivyo nikafanya ule urefu ndio uzunguke kichwa, nikakata. Mama, ile sauti ya makasi ikiingia kwa hiyo nguo, bado naisikia. Nikakunja, uso ndani, nikashona ule upande moja, mbele na nusu nyuma, mpaka vidole zikatoboka. Nikageuza. Ilikaa sawa kabisa kwa macho. Nikatoka nayo kwa veranda kujaribu.

Ilifika kwa masikio ikakataa. Nikavuta, ikakaza. Macho iko ndani, mdomo iko ndani, mikono iko juu. Nasikia tu Mama Chebet anapiga paja.

"Chebet! Chebet kuja! Kuja uone mtu wa Bungoma anazaliwa mara ya pili, na amekataa kutoka!"

Wakanivuta wawili, yeye na msichana wake, huyu hapa, huyu hapa, mpaka kichwa ikatoka na nywele imesimama. Akachukua kile kipande akakivuta juu chini, haikwenda. Akakivuta kwa upana, ikaenda kama mpira.

"Umeona? Flisi iko na upande wa kuvuta na upande wa kukataa. Upande wa kuvuta ndio unazunguka kichwa. Si nilikuambia uvute kwanza ndio ukate?"

"Hukuniambia."

"Sikukuambia kwa sababu hata mtoto huvuta. Sasa kata ingine. Na uangalie mifuko, usikate na kitu ndani."

Nikarudi ndani nikachukua upande wa mbele. Mifuko ya mikono ilikuwa tupu, unga unga tu ya ugoro. Halafu nikaskia kitu laini upande wa kushoto, ndani. Mfuko wa ndani, ule wa zipu ndogo. Mwezi mbili nimevaa hiyo jaketi na sijawahi kuufungua. Nikafungua.

Ilikuwa kitambaa. Kipande ya leso ile ya manjano ya maua meusi, ile Nekesa alikuja nayo siku ya ndoa. Ameikata, upana wa mkono, ameikunja pande zote nne na kuishona na mkono, vishono vidogo vidogo vya kupendeza, na imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio la mtoto. Nilijua ni ya nini. Wafula aliwahi kuniambia kwa simu ati siku za mwisho mate ilikuwa inamtoka Mzee, na kitambaa ngumu inamkwaruza mdomo, na anaona haya wageni wakimpanguza. Kumbe huyo mama alikata leso yake ya ndoa. Alimpanguza nayo, akaifua, akamrudishia kwa mfuko ndio mtu asione.

Huyo ndiye tuliita mwizi.

Nilikaa chini kwa sakafu. Mama Chebet akakuja mlangoni kuuliza kama nimekwama tena, akanikuta nimeshika hiyo kitambaa. Nikamwambia yote, kutoka sufuria mpaka Barasa. Hakucheka. Akasema, "Kumbe unakata nguo ya baba yako ndio usijulikane." Nikakunja hiyo kitambaa. Akasema, "Sasa hiyo nguo imeshakatika, imeisha. Huyo mama wa Webuye bado. Mpigie mama yako."

Nikakupigia, Mama. Mara tatu wiki hiyo. Unakumbuka nilikuuliza mvua? Halafu nikauliza mvua tena? Ulisema, "Wewe siku hizi umekuwa wa kupima mvua?" Ndio hiyo. Ilikuwa inafika kwa meno inarudi. Mama Chebet akasema, "Basi andika, si uko na mikono." Ndio naandika.

Vipande zilizobaki nilizishona, lakini sasa si za kujificha. Nilivuta kwanza kila moja ndio nikakata. Kwa sababu ziko fupi, kila ya shingo iko na mishono mbili badala ya moja, moja kila upande. Mgongo uliobaki umetoa yako. Mikono mbili nimeunganisha imetoa ya Wafula, maana mikono ndio ilikuwa inamshika Wafula shingoni akimbeba. Flisi haifumuki nyuzi, ungeacha juu na chini hivyo hivyo, lakini Mama Chebet alikataa, akasema hiyo ni kuenda harusi bila kuchana nywele. Kwa hivyo nimekunja na kushona. Yako usiipige pasi hata siku moja, itayeyuka. Maji baridi, sabuni kidogo, anika kivulini. Ukitoka mapema kuangalia kuku, ivute mpaka kwa masikio.

Hizo mbili ndio ziko ndani ya huu mzigo, pamoja na kamba ya kiatu na zipu. Zimeletwa na mama wa viazi anayekuja soko ya Chwele, atakupatia mkononi.

Ya tatu ni ya Nekesa. Imetoka upande wa mbele, na ule mfuko wa ndani nimeuacha mahali pake na kitambaa yake ndani. Mama Chebet aliniuliza, "Ya shingo iko na mfuko? Ataweka nini, ugali?" Nikamwambia mwenyewe anajua. Hiyo sijaituma. Hiyo nitapeleka mimi.

Nasikia mmepanga kugawa nguo Jumamosi hii. Mama, nakuomba, msigawe hata soksi kabla hujawasomea hii barua. Ijumaa nimepewa ruhusa. Nitashukia Webuye, niende mpaka kwa kina Nekesa. Kuingia siwezi, mama yake ni mama mkwe yetu, haifai anione uso wala mimi nimwone. Kwa hivyo nitasimama nje kwa ua na nitasema yote kwa sauti, venye nimesema hapa, mama yake akiwa ndani anasikia, na majirani wakitaka wasikie. Nekesa alitukanwa mbele ya watu, sitaenda kumnong'onezea. Kama atanimwagia maji, sawa. Kama atasema harudi, nitamwambia jina lake limerudi, hata kama yeye hataki kurudi. Lakini nitamwomba. Nitamwomba mpaka jua liingie.

Wazee wakisema nimekata nguo ya marehemu kabla ya wakati na wanataka jogoo, nitaleta jogoo. Wafula akitaka kunipiga, mwambie asome kwanza, halafu mwache anipige, usiingie katikati na huo mguu.

Ile ya kwanza, ile ilikataa kichwa, nimebaki nayo. Haifai kitu. Hiyo ndio fungu yangu, Jumamosi msiniwekee ingine.

Mfikishie kaka yangu Wafula salamu, kama atazipokea. Wale watoto wake wawili wako nawe, waambie baba yao mdogo ndiye alikosa, si mama yao, uwaambie kwa hayo maneno. Senge, dada ya Mzee, umwambie sina kinyongo: yeye alisema kitu aliamini, mimi ndio nilisema kitu nilijua ni uongo. Na jirani Barasa umwambie macho yake ni mazuri.

Ng'ombe wameanza kulia, saa tisa imefika. Mama, Jumamosi ukiniona natokea pale kwa njia ya miwa, usinisalimie haraka. Angalia kwanza nyuma yangu. Kama nimekuja peke yangu, usinipatie kiti.

Ni mimi mwenye kukosa,
Simiyu